"Mbwa Kali": ukali tunaoulea nyuma ya mageti yetu

Katika mtaa wetu wa Kimara, Dar es Salaam, mageti mengi yana kibao cha bati kilichoandikwa MBWA KALI, na juu ya maandishi huchorwa kichwa cha mbwa aliyetoa meno. Sarufi ingetaka "mbwa mkali", lakini kosa hilo limezoeleka kiasi kwamba kibao kikiandikwa kwa usahihi, nadhani watu wangekishangaa. Mimi nilikipigilia changu siku ileile niliyomleta nyumbani mtoto wa mbwa mwenye umri wa miezi miwili, aina ya rotwaila, akiwa bado anajikwaa kwenye kizingiti na kulala ndani ya kiatu changu. Nilikuwa nimeshamwandikia tabia yake getini kabla sijamfahamu.

Tulikuwa tumeibiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, ndiyo sababu ya kumtafuta mbwa wa kizungu. Mzee mmoja jirani, mtu mwema ninayemheshimu hadi leo, alipita kumtazama, na baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, ukitaka mbwa wa kulinda, mfungie mchana kutwa asizoee sura za watu. Akishazoea watu, hapo huna mbwa." Wengine walinishauri nimtilie pilipili kwenye chakula, na kijana mmoja alinihakikishia kwamba bangi kidogo ndiyo dawa yenyewe. Hayo mawili niliyakataa, nikajiona mtu mwenye huruma. Ushauri wa mzee niliufuata neno kwa neno.

Fundi akatujengea banda la mbao na wavu, futi sita kwa nne, nyuma ya nyumba karibu na karo la kufulia. Mbwa aliingizwa humo saa kumi na mbili asubuhi na kufunguliwa saa nne usiku, tulipokuwa tunafunga milango ili kulala. Alikula ugali wa dona uliochanganywa na dagaa au vichwa vya samaki, alipata maji, hakupigwa. Kwa kipimo cha mtaani alikuwa mbwa anayetunzwa vizuri. Lakini katika miezi yake yote ya utoto hakuwahi kutoka nje ya geti, hakushikwa na mtu asiye wa nyumba ile, hakuona mtoto wa jirani akikimbia, mwavuli ukifunguliwa, wala bodaboda ikisimama karibu naye.

Nilikuja kujua baadaye, kwa kumsikiliza daktari wa mifugo na kusoma, kwamba huo ndio wakati niliouharibu. Kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya kumi na nne, akili ya mtoto wa mbwa huwa wazi kupokea mambo mapya na kuyahesabu kuwa ya kawaida: sauti, harufu, watu wa kila umbo, watoto, wanyama wengine. Dirisha hilo likishafungwa, asichokuwa amekiona humtia mashaka. Anaweza kufundishwa baadaye, ila kwa jasho na kwa muda mrefu, na pengine asifike alikopaswa kufika. Mbwa aliyefichwa watu hakui akiwa jasiri. Hukua akiwa na hofu, na mbwa mwenye hofu ambaye hana pa kukimbilia huuma. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sikujua kwamba usemi huo unamhusu hata mnyama wa uani.

Kuna jambo jingine lililokuwa likiendelea pale bandani bila mimi kulitambua. Kila aliyeingia uani, awe fundi bomba, muuza mkaa au mgeni wa mke wangu, mbwa alimbwekea kupitia wavu, na kila mmoja baada ya shughuli yake aliondoka. Sisi tulijua kwamba ameondoka kwa kuwa amemaliza kazi. Mbwa alijua kwamba ameondoka kwa kuwa amebwekewa. Somo hilo alilipata mara tatu au nne kwa siku, kwa mwaka mzima na zaidi, na sisi tulimwongezea kwa kumsifu. "Simba huyo!" tulisema alipojirusha kwenye wavu hadi mbao zikalia.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, kama nusu saa kabla ya magharibi. Tulikuwa na safari ya usiku, kwa hiyo nilimfungulia mapema, na geti dogo sikulitia komeo. Jirani yetu alikuwa amemtuma mwanawe wa miaka tisa atuletee bakuli la kaimati, kama alivyozoea kutuletea kila mwaka. Nilisikia bakuli likianguka kabla sijasikia kilio. Nilipofika, mtoto alikuwa ameegemea ukuta, mkono wa kulia umetobolewa sehemu mbili chini ya kiwiko, na kaimati zimetapakaa mchangani zikiwa bado na shira. Mbwa hakuwa juu yake. Alikuwa amejibana chini ya gari, mkia umekunjwa chini ya tumbo, masikio yamelala, mwili wote unatetemeka, na chini yake palikuwa pamelowa mkojo. Picha hiyo haijanitoka. Yule ambaye mtaa mzima ulimwita simba alikuwa amejikojolea kwa woga baada ya kumuuma mtoto.

Jirani mwingine ambaye ni muuguzi ndiye aliyetuongoza: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, bila kulifunga kwa kitambaa cha kubana, kisha hospitali. Tulisimama pale bombani na kipande cha sabuni ya mche, mtoto analia, mimi nahesabu dakika kwenye simu. Mama yake alifika, akauangalia mkono, kisha akanigeukia. "Jirani," aliniuliza kwa sauti ya chini, "huyu mbwa ana chanjo?" Kadi ya chanjo ilikuwa kabatini, na muda wake ulikuwa umepita kwa miezi saba.

Sikuwa na la kumjibu. Mtoto alichomwa sindano za kinga dhidi ya kichaa cha mbwa kwa siku zilizopangwa, gharama nilibeba mimi, na mbwa alifungwa kwa uangalizi wa siku 10, kwa sababu mbwa ambaye tayari ana virusi mateni hudhihirisha ugonjwa au kufa ndani ya muda huo. Siku ya kumi alikuwa mzima. Lakini siku hizo kumi mama wa watu hakulala, wala mimi, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, kinachofuata karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Nao watoto chini ya miaka 15 ni asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Hapa kwetu mfano wa kinyume upo na unatia moyo: katika vijiji vinavyozunguka Serengeti, chanjo za mbwa kwa wingi zimepunguza sana ugonjwa huu, na huko Pemba kampeni za namna hiyo ziliweza kuukomesha. Kinachohitajika ni kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia. Mbwa wa kienyeji na mbwa wa kizungu wapo sawa katika hesabu hiyo.

Baada ya tukio lile, wengi waliokuja kutupa pole walikuwa na maelezo mafupi: ni rotwaila, hao ndivyo walivyo. Nilitamani maelezo hayo yawe kweli, kwa sababu yangenitua mzigo. Nikasoma asili yake. Jina lake linatokana na mji wa Rottweil kusini mwa Ujerumani, ambako mababu zake waliswaga ng'ombe wa wachinjaji na kuvuta mikokoteni ya nyama. Jemani shepadi, ambaye sisi humwita mbwa wa polisi kana kwamba alizaliwa kituoni, ni mbwa wa kuchunga kondoo. Mjerumani Max von Stephanitz alianza kumwandikisha rasmi mwaka 1899 kwa dume mmoja aliyemwita Horand von Grafrath. Aina hizo mbili za mbwa zilikuzwa kwa ajili ya kazi iliyohitaji akili, utiifu na kukaa karibu na mtu kutwa nzima. Ukimchukua mnyama wa namna hiyo ukamtia kwenye futi sita kwa nne, umemnyima hasa kile alichoumbiwa kukifanya.

Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliotumia majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000, ulionyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Katika utiifu kwa amri, aina ilisaidia kidogo kubashiri. Katika suala la jinsi mbwa anavyochokozeka kwa urahisi anapotishwa, haikusaidia karibu chochote. Uingereza ilipitisha sheria ya mbwa hatari mwaka 1991 na kupiga marufuku aina nne, akiwemo pitbul na tosa wa Japani. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwishoni mwa mwaka 2023, ililazimika kuongeza aina ya tano, eksieli buli (XL Bully), kwa sababu watu waliendelea kuumwa na kuuawa. Uholanzi ilikuwa na marufuku yake juu ya pitbul na mwaka 2008 ikaamua kuiondoa. Kwa maoni yangu, orodha za namna hiyo hufuata nyuma ya tatizo: mwenye kutaka mbwa wa kutisha watu hutafuta aina nyingine ambayo haijaandikwa.

Hata hivyo sitaki mtu anielewe kwamba aina haina maana yoyote, kwa sababu ina maana kubwa mahali pengine. Mbwa koko wa kilo 12 akiogopa akauma, mara nyingi utatibu jeraha. Rotwaila wa kilo 50 akiogopa akauma, unaweza kuzika mtoto. Hofu ni ileile, madhara hayalingani. Kwa hiyo anayechagua mbwa mwenye kifua na taya za namna ile amechagua pia wajibu mzito kuliko wa jirani yake, na hana haki ya kusema hakujua. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtwika mwenye mnyama wajibu wa kumtunza na inakataza ukatili, lakini hakuna askari atakayekuja kuchungulia bandani kwako. Utachungulia wewe.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye mbwa alijue ni namna mbwa anavyoonya. Kabla ya kuuma, mbwa wangu alikuwa amesema mara nyingi kwamba hawezi kuvumilia. Aligeuza kichwa huku jicho likibaki kwa mtu hadi weupe wake ukaonekana, alijiramba pua bila chakula, alipiga miayo bila usingizi, na kisha alikakamaa. Kukakamaa huko ndiko kubaya zaidi: mwili unasimama kama gogo, mdomo unafungwa, pumzi haionekani, kwa nukta moja au mbili. Watu wengi husubiri kubweka. Na alipokuwa mdogo akinguruma mtoto wangu alipomkaribia akila, nilimkemea hadi akaacha. Nilidhani nimemwadabisha, kumbe nilimnyang'anya kengele yake. Mbwa anayenguruma anakupa nafasi ya kumwondoa mtoto. Aliyefundishwa kutonguruma huruka hatua hiyo.

Wapo walionishauri nimpige risasi au nimpeleke shamba akafungwe huko. Daktari wa mifugo aliniambia kwa uwazi kwamba kuna mbwa ambao haifai kubaki nao, hasa penye watoto wadogo, na kwamba uamuzi wa kumlaza mbwa kwa sindano asiamke tena unaweza kuwa wa haki. Kwa wangu aliona pana nafasi, kwa masharti. Tuliongeza mlango wa pili kati ya geti na ua, ili mgeni akiingia asikutane naye ana kwa ana. Alihasiwa, ingawa daktari alitutahadharisha kwamba kuhasi peke yake hakuondoi hofu. Alizoeshwa kifunga mdomo taratibu, kwa kuwekewa vipande vya maini ndani yake, hadi akawa anakitia pua mwenyewe. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla watu hawajajaa barabarani, tunatembea, yeye na kamba fupi na kifunga mdomo, mimi na mfuko wa maini. Akimwona mtu kwa mbali, kabla hajakakamaa, anapata kipande. Umbali huo uliokuwa mita 50 mwanzoni sasa ni mita 10. Imechukua karibu miaka miwili, na hatakuwa kamwe mbwa wa kushikwashikwa na wageni. Hilo nimelikubali.

Usiku bado analinda, tena vizuri kuliko zamani, kwa sababu amejifunza kutofautisha paka wa ukutani na mtu anayejaribu komeo. Kadi ya chanjo nimeitundika jikoni, kando ya kalenda, tarehe imezungushiwa wino mwekundu. Kibao cha bati nimekitoa, nikaandika kingine kwa mkono: "Kuna mbwa. Piga hodi, subiri ufunguliwe."

Yule mtoto sasa ana miaka kumi na mmoja, na makovu mawili madogo yanaonekana akinyoosha mkono. Ramadhani iliyopita alikuja tena na bakuli. Alipiga hodi, akasimama nje ya geti, akasema, "Shikamoo baba, mfunge kwanza." Nilimpeleka mbwa nyuma ya mlango wa pili, nikafunga, nikautikisa mlango mbele yake aone kwamba umefungwa, ndipo nikamfungulia geti. Aliniuliza kama anaweza kumtazama kupitia wavu. Nikamwambia hapana, bado, labda kesho alfajiri akitaka atusindikize upande wa pili wa barabara, kwa ruhusa ya mama yake.