Cheti cha usalama cha gia: karatasi niliyokataa kulipia

Mteja wangu wa Ulaya alipoandika kwamba hapokei mzigo bila cheti cha usalama cha gia, washauri walinijia mbio kama inzi wameona kidonda. Wa kwanza alitaka nilipie cheti kwa kila aina ya gia, kubwa na ndogo. Kwa bei yake ningenunua lathe (mashine ya kuchonga chuma) iliyotumika na chenji ikabaki. Wa pili akasema nigonge tu alama ya CE, ile ya kusema bidhaa inakidhi sheria za Ulaya, kwenye kila gia, mambo yaishe.

Nikaamua kulisoma mwenyewe Agizo la Mashine la Umoja wa Ulaya, 2006/42/EC. Ni refu na linachosha, lakini linasomeka. Gia iliyolala kwenye boksi si mashine. Hatari yake inakuja ikishafungwa mahali, na anayejibu ni anayetengeneza mashine nzima. Tena kuipiga CE ni kosa, maana alama hiyo huwekwa tu pale sheria inapoitaka. Giaboksi iliyounganishwa na mota yake wanaihesabu kuwa mashine isiyokamilika: unaandika tamko la kuunganishwa (karatasi ya kusema kifaa ni cha kufungwa ndani ya mashine nyingine), unaambatanisha maelekezo ya kufunga, na CE ya agizo hili huweki. Basi, hapo nusu ya kelele ilikwisha.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kwenye mzigo huohuo kulikuwa na shafti za PTO, zile zinazopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine inayovutwa, na hakuna mshauri aliyeziuliza. Hizo ndizo Kiambatisho cha IV cha agizo, orodha ya bidhaa zenye hatari zaidi, kinazitaja waziwazi, pamoja na kava zake. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, nyingine 1000. Ikidaka ncha ya koti, mwenye koti hapati hata muda wa kupiga kelele. Kwa hiyo kava lazima ifunike shafti urefu wote, ifike mwisho wa taya za ndani za kros (kiungo cha mwisho wa shafti kinachoiruhusu kupinda), na isizunguke nayo. Kazi ya kuizuia ni ya ule mnyororo mdogo ambao wakulima wengi huukata kwa sababu "unasumbua".

Kava zetu za kwanza zilipendeza kweli. Tukazifunga, trekta ikawashwa, sote tukakaa nyuma ya ukuta. Haukupita muda mnyororo ukang'oa sikio la kava, kava ikaanza kuzunguka na shafti huku kipande cha mnyororo kikichapa kila kilicho karibu. Fundi wetu mwenye maneno mengi alinyamaza mpaka jioni. Kila mtu akashauri mnyororo mnene zaidi. Mimi nikasema hapana, mnyororo umefanya kazi yake. Kuna kitu kinaivuta kava.

Tulikipata kwa chaki. Trekta imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, tukapaka chaki kwenye taya zote za kros, tukapinda shafti mpaka mwisho wake na kuizungusha kwa mikono, polepole. Tulipovua kava, ndani ya koni, ule mdomo mpana wa kava unaofunika kros, kulikuwa na mstari mweupe mfupi upande mmoja tu. Taya zilikuwa zinagusa plastiki shafti ikipinda, yaani trekta inapokata kona. Fundi akataka tukate ukingo wa koni. Ungekata, taya zingebaki uchi na maabara ya ukaguzi wangeturudisha mlangoni. Tulipanua koni, urefu tukauacha vilevile, na tukatoboa tundu ili bomba la grisi lifikie nipeli (kitundu cha kuingizia grisi) bila kuvua kitu. Hilo tundu najivunia kuliko cheti chenyewe.

Maabara usiichague kwa uzuri wa nembo. Tume ya Ulaya ina orodha ya wakaguzi walioidhinishwa, iitwayo NANDO. Tafuta jina humo, kisha hakikisha wameidhinishwa kwa bidhaa yako hasa. Kampuni iliyoandikwa kwenye sampuli ya cheti cha yule mshauri wa kwanza niliitafuta sana. Haimo.

Kwa agizo hili la sasa, ukifuata kikamilifu kiwango kilichooanishwa (kile Ulaya inachokitambua kuwa kinaendana na agizo) kinachogusa hatari zote, unaweza kujitangazia mwenyewe kwamba bidhaa inakidhi agizo. Niliambiwa nipite hapo, ni rahisi. Lakini Kanuni 2023/1230, inayochukua nafasi ya agizo hili, inaanza kutumika 20 Januari 2027, nayo imeziweka shafti hizi kwenye kundi ambalo lazima mkaguzi wa nje ahusike. Nikaona bora nizoee mapema, nikaenda kwenye ukaguzi wa aina, ambapo mkaguzi wa nje hupima sampuli ya bidhaa, na ambao cheti chake hupitiwa upya kila miaka 5.

Kitabu cha maelekezo kiwe kwa lugha ya nchi inakouzwa. Sisi tuliweka picha ya shafti ikining'inia kwenye kishikio chake baada ya kufunguliwa, maana haitakiwi ilale chini. Kwa aliyepita ukaguzi wa aina, jalada la kiufundi linatunzwa miaka 15 tangu cheti kitolewe, kwa hiyo usiliache kwenye laptop ya kijana wa ofisini.

Gia zilisafiri na barua ya ukurasa mmoja inayotaja vifungu. Mteja akajibu, "Sawa, tuma." Yule mshauri wa kwanza naye alituma ankara ya "ushauri wa awali". Sijailipa.