Kutoka maji ya Mbudya hadi maji ya baridi

Marafiki wengi hapa Dar wananiuliza kama kweli napiga mbizi huko Scotland ninakoishi siku hizi. Ndiyo, na nimeyapenda maji yale kuliko nilivyotegemea.

Sisi tumezoea raha. Kwenye visiwa vyetu vya Mbudya au Bongoyo unavaa suti nyembamba ya mpira, unaingia. Kule mwishoni mwa majira ya baridi bahari hushuka hadi nyuzi 6 au 7, na maji hunyang'anya mwili joto haraka mno kuliko hewa. Kwa hiyo navaa suti kavu isiyoingiza maji, na ndani yake nguo nzito. Hewa iliyomo ndani ya suti inakuinua, ndiyo maana unabeba vipande vingi zaidi vya madini ya risasi kiunoni, uzito wa kukuzamisha. Ukishuka hewa hiyo inabanwa, unaongeza kidogo kutoka kwenye mtungi. Ukipanda inatanuka, lazima uitoe, la sivyo itakurusha juu kwa kasi, na kupanda hivyo kunaweza kuua. Hapo ndipo nilipotumia muda mwingi, tena bwawani kwanza. Jamani, msijaribu bila mwalimu! Hata kifaa cha kupumulia kiwe cha maji baridi, maana vingine huganda na kumwaga hewa mfululizo.

Lakini uzuri wake! Misitu ya mwani mrefu, kaa kila mwamba, na sili wanaokuja wenyewe kukuchungulia. Matumbawe yetu nayapenda bado, sana tu.

Kama ulijifunzia hapa nyumbani na unahamia nchi ya baridi, usiuze vifaa vyako vyote. Nitumie ujumbe, nitakueleza vipi vya kubaki navyo.