Kijiti kilichoning'inia kichwa chini

Wiki chache zilizopita nilining'iniza vijiti vya mzabibu ndani ya mfuko wa plastiki wenye unyevu. Kimoja nilikigeuza juu chini makusudi, kwa ubishi tu. Leo nimefungua: mizizi yake imeota juu, kwenye ule mwisho uliokuwa upande wa shina! Kijiti kinakumbuka chini yake ni wapi.

Mhusika ni auksini, homoni inayotoka zaidi kwenye vichipukizi na kushuka kuelekea mizizini, na inapokusanyika huchochea mizizi kuota. Nilizoea kudhani inatiririka kama maji bombani. Kumbe inapitishwa seli kwa seli, kama sentimita 1 kwa saa. (Konokono angeipita mbali.)

Kilichonivutia ni gharama yake. Seli hutumia ATP (molekuli inayobeba nishati yake) kusukuma protoni (chembe za hidrojeni zenye chaji chanya) nje, hadi ukuta wake unakuwa na asidi, pH karibu 5.5. Humo sehemu ya auksini hushika protoni na kupenya utando wa seli kirahisi. Ikifika ndani, kwenye pH karibu 7, inaipoteza ile protoni, inabaki na chaji, na sasa imenaswa. Mlango wa kutokea ni protini ziitwazo PIN, ambazo kwenye shina hukaa zaidi upande wa chini wa seli. Ndiyo maana kugeuza kijiti hakubadilishi kitu: milango imegeuka nacho.

Ukiinyima tishu oksijeni, ATP inapungua na safari nzima inadorora. Nami nilikuwa namwagilia mimea yangu mpaka udongo unakuwa tope lisilo na hewa, halafu nashangaa inanuna!