Hawa wawili waliokuja

Tangu Jumatano swali la Zubeir, mtoto wa dada Salma anayekaa kwetu sasa, limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Wateja nawahudumia, chenji narudisha sawasawa, lakini nikibaki peke yangu nyuma ya kaunta linarudi vilevile lilivyotoka, kwa ile sauti yake ya chini.

Alikuwa na ile Game Boy Advance ya baba Rahma, amekaa juu ya kreti la soda karibu na rafu ya waya, anacheza Pokémon FireRed, mchezo wa kukamata viumbe, kuwalea na kuwapiganisha. Magnemite wake, kiumbe aliyempa jina la Fundi, ndiyo kwanza anaingia levo ya 30, ambapo hubadilika umbo. Rahma alikuwa anaandika kazi ya shule, akaacha kalamu akaruka: "Usiguse B! Ukigusa B habadiliki!" Tukainama wote watatu juu ya kile kioo kidogo. Kivuli kikawa kinapungua na kuongezeka, kinapungua na kuongezeka, muziki unakwenda, mara akatokea Magneton. Magnemite watatu wameshikana, macho matatu, sumaku sita.

Nilitegemea kelele. Zubeir akakaa kimya, kisha:

"Mamdogo, huyu si ndiye Fundi?"

"Ndiye."

"Fundi ni yupi hapa? Wa juu au hawa wa chini?"

"Sasa wote watatu ni Fundi, baba."

"Basi hawa wawili waliokuja, wao hawana majina yao?"

Nikamwambia mchezo unaandika jina moja tu. Akasema, "Haya," akaendelea kubonyeza.

Hiyo "haya" ndiyo inayonisumbua kuliko swali lenyewe.

Magnemite nampenda tangu zamani, na si ajabu kwa mtu anayeuza breka na soketi. Ni gololi ya chuma yenye jicho moja, skrubu tatu za nyota na sumaku mbili ubavuni, ana uzito wa kilo 6, anaelea hewani kwa nguvu ya sumaku yake. Zubeir alimkamata kwenye ile mitambo ya umeme iliyoachwa pale Kanto, nchi ya mchezo huo, ambako hufiki mpaka uvuke mto juu ya Pokémon anayejua kuogelea (Surf), na jina la Fundi alimpa papo hapo bila kuuliza mtu. Pokédex, yaani kamusi ya viumbe iliyomo ndani ya mchezo, ya matoleo ya 2002 inasema viumbe hawa huganda kwenye nyaya wakila umeme, na kwamba nyumba ikizimika ghafla ukakague breka, huenda ukawakuta wamejazana kwenye boksi. Nilimsomea Zubeir hayo wiki iliyopita, na umeme ulipokatika jioni akaenda na tochi kukagua meni swichi yetu. Hakuwa anatania. Alikagua kwelikweli, akarudi akasema hawapo.

Sasa jambo ambalo mchezo hauelezi ni hili alilouliza yeye. Unamkamata mmoja, unamlea mmoja, unampigania mmoja. Hakuna siku wengine wawili wamegonga mlango. Anafika levo ya 30 na ghafla ni watatu, na Pokédex inakwambia tu kwamba Magneton ni Magnemite kadhaa waliounganishwa na sumaku, na kwamba huonekana sana madoa ya jua yanapochachamaa. Walitoka wapi, waliacha nini huko walikotoka, hakuna anayeuliza. Jina linabaki la yule wa kwanza.

Na mimi mtaa mzima unaniita Mama Rahma. Duka lina jina la Rahma, limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Wateja wamenihifadhi kwenye simu zao hivyohivyo. Zubeir na ndugu yake Nuru wakipita sokoni ni "watoto wa Mama Rahma", na mwalimu wake mpya, mtu mwema sana, anamwita "kaka yake Rahma". Wanasema kwa mapenzi, najua. Lakini mtoto wa miaka tisa ana masikio. Usiku wa Jumatano nilikaa kitandani nikiwaza ningemjibu nini kingine, nikatunga majibu mengi mazuri, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli kuliko lile nililompa.

Dada Salma amefika Maskati salama na ameanza kazi, na duka tumeshalihamishia upande wa pili wa barabara. Alhamdulillah kwa yote mawili. Ila wiki yangu haikuwa huko.

Jumamosi mambo yakageuka. Nilikuwa napanga balbu nikasikia ubishi nyuma. Zubeir amefungua Pokédex na daftari.

"Magnemite kilo 6. Mara 3, ni 18. Lakini Magneton ana kilo 60! Hizi 42 zimetoka wapi?"

Rahma hakufikiri hata kidogo: "Wamekula."

"Wamekula nini?"

"Umeme. Hawa si wanakula umeme?"

Zubeir alicheka mpaka akashika tumbo. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aje. Nuru naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Nikaacha balbu zangu nikasimama pale pale.

Kisha Rahma akamwambia kwamba kuna mzee mji wa Lavender anayebadilisha majina ya Pokémon, kwa hiyo wanaweza kumpa Magneton jina jipya litakalowaenea wote watatu. Wazo zuri, na limetoka kwa mwenye mchezo. Zubeir akakataa. Akasema Fundi hajafanya kosa lolote, kwa nini anyang'anywe jina? Akageuza daftari, akachora nyuma ya jalada duara tatu zenye macho, skrubu kwa skrubu, na chini ya kila moja akaandika kwa herufi kubwa: FUNDI, BISIBISI, TESTA.

Testa! Mtoto huyu alipokuja alikuwa hajui kutofautisha swichi na soketi. Mpaka leo sijamfundisha neno lolote la dukani. Amekaa tu kwenye kreti lake akisikiliza mafundi wanavyoagiza. Nimemwomba lile jalada nilibandike kaunta, akasema subiri kwanza apake rangi. Sumaku moja ncha nyekundu, nyingine buluu, hataki zikosewe.

Sasa wanajiandaa kupambana na Giovanni, bingwa wa mji wa Viridian mchezoni, na Rahma anamkanya asimtangulize Magneton, kwa kuwa yule anatumia Pokémon wa ardhi. Magneton wa michezo ya kwanza ya 1996 alikuwa wa aina ya umeme peke yake. Toleo la Gold na Silver la 1999 ndilo lililomwongezea chuma, na tangu hapo pigo la ardhi linamwumiza mara nne. Zubeir anasema Testa ataliona linakuja.

Jambo jingine. Leo asubuhi nimegonga fremu ya mlango wa stoo ya duka jipya, ikatoa unga. Ni mchwa. Mwenye nyumba anasema ni wa zamani, wameshakufa, lakini njia za udongo ukutani ni mbichi, na juu ya ile stoo ndipo zilipo mbao za paa. Kesho namtafuta mtu apande darini, maana masika hayako mbali na nimeshalipa kodi ya miezi sita.