Macho yanayong'aa si ya nguruwe

Kwa misimu mitatu mfululizo nguruwe mwitu waliingia katika konde letu la muhogo lililoko upande wa Kitogani, kusini mwa Unguja, wakafukua mashina kwa pua, na kila asubuhi tukaikuta mihogo imetafunwa nusu nusu na kutupwa huku na huko. Ardhi ya kule ni ya uwanda: mawe matupu, na udongo umejaa katika vishimo tu, kwa hiyo kila shina linaloota pale limetolewa jasho. Sasi ya mchana, ambayo wasasi wetu huifanya kwa mbwa na mikuki, iliwasogeza kwa wiki moja au mbili, kisha wakarejea. Ami yangu ana bunduki ya marisau ya mtutu mmoja, yenye karatasi zake zote. Baada ya kufika kwa sheha na kukamilisha ruhusa, tulikubaliana kwamba tutalinda usiku kutoka juu ya dungu, yaani jukwaa la kulindia konde, na kazi ya kutafuta taa ya kufunga kwenye bunduki nikapewa mimi.

Nilidhani ni kazi ya siku moja, lakini ilinichukua tangu mwanzo wa kusi mpaka mvua za vuli, na sababu kubwa ni ushauri niliopewa. Karibu kila mtu niliyemuuliza aliniambia mambo mawili kwa uhakika kabisa: kwanza, kwamba ninunue taa ya kijani kwa kuwa nguruwe haioni rangi hiyo, pili, kwamba nikishaiwasha nitayaona macho yao yaking'aa, nami nilenge hapo hapo. La kwanza si kweli. La pili ni la hatari, na bado linanikera kwa sababu waliolisema walikuwa watu wazima wanaoheshimiwa.

Jicho la nguruwe lina aina mbili za seli za kutambua rangi, na mojawapo hupokea vizuri zaidi mwanga wa karibu nanomita 556 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), yaani eneo la kijani kinachoelekea manjano. Taa nyingi za kijani zinazouzwa hutoa mwanga wa nanomita 520 hadi 530, kwa hiyo nguruwe anauona. Rangi ambayo haioni vizuri ni nyekundu. Hata hivyo niliishia kuchagua kijani, kwa sababu jicho la mwanadamu nalo huipokea rangi hiyo vizuri kuliko zote, na kwa nguvu ile ile ya betri mtu huona mbali zaidi kuliko kwa taa nyekundu. Sikuwa natafuta taa ya kumficha mtu asionekane na nguruwe. Nilitaka taa itakayoniwezesha kumtambua mnyama kabla ami hajafyatua.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kubana matumizi. Nilikuwa na tochi nyeupe nzuri, nikakata karatasi ya kijani inayopitisha mwanga, ile ya kufungia zawadi, nikaikunja mara mbili na kuifunga mbele ya kioo kwa mpira. Nyumbani, ukutani, ilipendeza sana. Kondeni mwanga ulifika hatua ishirini ukafa. Nikakunjua karatasi ikabaki tabaka moja, mwanga ukafika mbali kidogo, lakini haukuwa kijani tena. Ulikuwa weupe uliochafuka. Jioni ya pili nilijaribu kitako cha chupa ya soda ya kijani nilichokisugua kwenye jiwe mpaka kikaenea mbele ya tochi, kazi iliyonichukua tangu alasiri hadi magharibi. Kioo kile ni kinene na hakiko sawa, kwa hiyo kilitawanya mwanga ukawa madoa madoa juu ya majani. Hapo nilielewa kwamba taa nyeupe ina rangi zote ndani yake, na ukiweka kichujio unazitupa nyingi na kubaki na sehemu ndogo tu ya nguvu uliyolipia. Taa inayofaa ni ile ambayo balbu yake ya LED yenyewe huzaa kijani.

Niliinunua mjini kwa elfu sitini na kitu, pamoja na betri mbili za kuchaji za aina ya 18650, na hapo likaja lingine. Betri zile ziliandikwa ubavuni uwezo wa mAh 9,900, yaani kipimo cha chaji inayowekwa ndani. Usiku wa kwanza taa ilidumu vizuri kwa muda ambao haukutosha hata kumaliza buli la chai, kisha ikafifia. Muuzaji, ambaye duka lake sitalitaja, alisisitiza kwamba kosa ni la chaja yangu. Nilikwenda kwa jirani yetu anayeuza viungo, mwenye mizani ndogo ya kupimia hiliki na zafarani, nikamwomba anipimie. Betri moja ilikuwa gramu 29. Nikaitoa betri ya aina hiyo hiyo kutoka katika kompyuta ya zamani iliyokufa, nikaiweka: gramu 46. Betri ya kweli ya 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hivi au zaidi, na uwezo wake kwa kawaida ni mAh 2,500 hadi 3,500. Hakuna ya ukubwa ule inayofika 9,900. Tangu siku hiyo sinunui betri dukani bila mizani ya jirani yangu mfukoni, na wauzaji wawili walishawahi kuninyang'anya betri mkononi walipoiona ikitoka.

Kuifunga taa nako kuna mambo yake. Niliifunga ubavuni mwa mtutu, karibu na pale mkono wa kushoto unaposhika, kwa pete mbili za chuma. Usiku, nilipoiwasha, mtutu wenyewe uliwaka kijani kama umepakwa rangi, na mng'ao wake ukanirudi machoni nisione kitu zaidi ya hapo. Ilibidi niisogeze mbele shubiri moja na kuuzungushia mgongo wa mtutu tepu nyeusi ya kitambaa. Swichi niliirefusha kwa waya mpaka ikafika chini ya kidole gumba, lakini ile ya kwanza ililia "ta!" kila ilipobonyezwa, na katika kimya cha usiku wa uwandani mlio huo husikika kama kijiti kimevunjika. Nikaibadilisha kwa ile ya kubana, isiyo na sauti, inayowaka unapoibana na kuzima unapoiachia.

Tulipofyatua risasi ya majaribio mchana, kuelekea kwenye ukuta wa machimbo ya mawe, bunduki ilipiga teke na taa ikaanza kumweka, ikiwaka na kuzima kwa haraka. Nilidhani imeharibika. Kumbe betri ilirudi nyuma kwa kishindo, ikakandamiza springi, umeme ukakatika kwa nukta moja, na taa ikadhani mimi nimeibonyeza ili kubadilisha namna ya kuwaka. Fikiria jambo hilo likutokee usiku, mnyama amejeruhiwa na wewe huoni ila vimulimuli. Niliirudisha tochi ile, nikaongeza fedha, nikachukua iliyo na springi mbele na nyuma, inayowaka kwa namna moja tu. Gharama yote, ukijumlisha nauli za daladala na makosa yangu, haikupungua laki moja na nusu.

Kabla ya kuipandisha dunguni nilitaka kujua macho yangu yanaweza nini, na hili ndilo ninalojivunia. Nilimwomba binamu yangu, mtoto wa ami, aweke vitu vitatu gizani kwa umbali wa hatua hamsini bila kuniambia kipi kiko wapi: pakacha, gunia la makumbi na mbuzi aliyefungwa. Taa niliishika mkononi, bunduki ikiwa imebaki nyumbani. Usiku wa kwanza gunia niliita mbuzi. Usiku wa pili nilikosea tena, safari hii nikaliita pakacha jina la gunia. Tulirudia usiku wa tatu na wa nne, mara hatua arobaini, mara thelathini na tano, na ni katika hatua thelathini na tano ndipo nilipovitambua vyote vitatu kila mara bila kubahatisha. Ami alisikia hesabu hiyo akasema, "Basi mwanangu, hapo ndipo mwisho wetu," akaenda kusimika vijiti vyenye vitambaa vyeupe kuzunguka dungu kwa umbali huo. Kilicho nje ya vijiti hakipigwi.

Ami aliweka sharti jingine, nami nalishika mpaka leo: taa ya bunduki si ya kutafutia. Ukitafuta kwa taa iliyo kwenye mtutu, kila unachokimulika umekielekezea bunduki, na katika njia zetu hupita watu usiku, wengine wakirudi pwani na pweza wao. Kwa hiyo tulitafuta kwa tochi ya kichwani, iliyofifishwa, na bunduki ikawa imelazwa. Taa ya kijani ilikuwa ya mwisho, ya kuhakikisha.

Usiku wa tisa, baada ya isha, upepo ukituvumia usoni kutoka kwenye msitu, majani yalitikisika ukingoni mwa konde. Niliinua tochi ya kichwani na macho mawili yakawaka kama makaa. Kidole changu kilikwisha fika kwenye swichi ya kubana. Ami alinishika bega. "Subiri, mwanangu. Nguruwe hana jicho la moto." Nilibana, kijani kikajaa, na katikati yake alisimama mnyama mdogo, mwili wake mweusi kabisa chini ya taa ile, isipokuwa mkanda mweupe matakoni. Alikuwa paa nunga. Manyoya yake mekundu yalikuwa yamepoteza rangi, kwa sababu chini ya mwanga wa kijani kila chekundu huonekana cheusi, na kama si ule mkanda nisingemjua. Mnyama huyo anakaa kwenye misitu michache sana duniani, na huku kwetu, msitu wa Jozani na vichaka vya jirani, ndiyo nyumba yake. Alitutazama, akageuka, akaondoka taratibu. Mikono yangu ilitetemeka muda mrefu baada ya hapo.

Baadaye nilisoma sababu yake. Paa, mbuzi, mbwa na komba wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, na ndio unaowaka. Nguruwe hana utando huo. Kwa hiyo wale walioniambia nilenge macho yanayong'aa walikuwa wakinielekeza kwa kila mnyama isipokuwa yule niliyemtafuta.

Nguruwe alikuja siku nne mbele. Hakukuwa na macho. Palikuwa na kiwiliwili kizito kinachosogea kati ya mashina, masikio marefu yenye ncha, na singa nyeupe mgongoni zilizosimama chini ya kijani kama ufagio. Alipoingia ndani ya vijiti vya vitambaa ami alifyatua mara moja, na taa haikumweka. Alikimbia hatua chache akaanguka upande wa msitu, na tulipomfuata nilizima kijani na kuwasha tochi nyeupe, kwa sababu damu nayo chini ya kijani huonekana nyeusi, na mtu huweza kuidhania umande juu ya jani.

Mwezi uliofuata jirani yetu wa Muyuni alituma mtu kuiazima taa. Ami alimpa kwanza bunda la vijiti vyenye vitambaa, akamwonyesha namna ya kuhesabu hatua thelathini na tano, kisha akamfungia taa katika kitambaa pamoja na betri mbili nilizozipima mwenyewe.