Mchana mmoja Neve Shalom
Mwaka 2019 tukiwa hija Yerusalemu, mimi na mama mmoja wa kundi letu tulitoroka ratiba, tukakodi teksi hadi Neve Shalom. Kwa Kiarabu ni Wahat al-Salam, kijiji ambacho Wayahudi na Wapalestina raia wa Israeli wameamua kuishi pamoja. Darasani, kwenye shule ya watoto ya kijiji, herufi za Kiebrania na za Kiarabu zimebandikwa ukuta mmoja, zote zasomwa kulia kwenda kushoto. Mimi nikaanzia kushoto, watoto wakanicheka hadi basi.

Nilidhani nitakuta watu wanakumbatiana. Wapi! Mwenyeji wetu, akitumiminia kahawa chungu, alisema kwenye Shule yao ya Amani, iliyoanza 1979 kukutanisha Wayahudi na Wapalestina wazungumze, washiriki hubishana kwelikweli: ardhi, jeshi, mwaka 1948 Israeli ilipoundwa. Waongozaji ni wawili, Myahudi na Mwarabu. Kinachomtisha yeye ni mtu anayenyamaza.

Najua kijiji kidogo vile hakizimi vita, na wenye bunduki hawakai kwenye mazungumzo yale. Hata hivyo baada ya Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia Israeli na vita vya Gaza vikaanza, nilimwandikia mwenyeji wetu. Jibu lilichukua wiki tatu: bado tunaongea, kwa shida.