Nukta Iliyoruka

Langoni, Lamu. Januari 2022.

Siku ya tano ya korona, na sauti imerudi nusu. Homa imeniacha, koo bado lakwaruza. Shangazi haingii ndani. Huniwekea uji kizingitini, akarudi barazani, kisha akauliza lile lile kupitia dirishani: "Si wewe uliyeniambia nikichanjwa sishikwi?"

Ni mimi. Mwaka jana, chanjo ya AstraZeneca ilipoanza kutolewa, mimi kwa ualimu na yeye kwa umri tulikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Ana sukari, na sindano aziogopa. Nikamrahisishia maneno: ukichanjwa huugui. Ningesema "huugui sana" ningekuwa nimesema kweli.

Kitandani nimewaza siku za chuo cha Kurani, tulipokuwa tukinakili sura kwenye mbao. Be, te na the, herufi za Kiarabu, umbo lao moja, hutengwa na nukta tu. Mtoto akisinzia nukta huruka, na anayenakili kwake hulichukua kosa lile kama lilivyo.

Kirusi cha korona nacho ni mnakili, tena mwenye pupa. Maandishi yake ya kurithi yana herufi kama 30,000, na kila kinapojizalisha ndani ya seli huweza kukosea. Makosa mengi hayakifai kitu, mengine hukiua chenyewe. Machache hukipa njia. Omikroni, aina mpya ya kirusi hiki iliyopewa jina hilo na Shirika la Afya Duniani tarehe 26 Novemba, ina mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba ambao kirusi hutumia kuingilia seli. Na chanjo yangu ilinifundisha mwiba wa zamani! Kingamwili, protini za mwili zinazokinasa kirusi, ambazo tangu dozi ya pili mwezi Juni zilikuwa zikipungua, ziliusoma huu mpya zikababaika. Lakini seli T, askari wengine wa mwili wanaoziwinda seli zilizokwisha kuingiliwa, hazitegemei umbo zima la mwiba. Hutambua vipande vyake vingi, na vilivyo vingi havikubadilika. Haziwezi kumzuia mgeni mlangoni, ila husaidia asifike mbali. Nadhani ndiyo sababu nimekohoa kwa siku tano tu na kifua hakikubana.

Haya yote nilimweleza Shangazi jioni, kwa sauti ya chura. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na hiyo ya tatu wanayoitangaza?"

"Ukidungwa, waweza kushikwa bado. Lakini yatarajiwa usiugue sana."

Akainama kuchukua sahani.

"Sana," akasema. "Hilo hukulitia mara ya kwanza."